GPS ya mtumba kwenye ndege ndogo: unanunua nini hasa?

Ukitaja GPS pale stendi kuu ya mabasi Nanenane, Dodoma, wengi watafikiria kile kifaa kinachofungwa kwenye basi ili LATRA ione dereva anakwenda mwendo gani. Mwenye bodaboda atakuambia ni kitu cha kuisaka pikipiki ikiibwa. Kijana mwenye simu atasema ni ramani. Kila mmoja ana sehemu ya jibu, na hapo ndipo utata unapoanzia mtu anapotaka kununua GPS ya zamani ya kuweka kwenye ndege ndogo.

Vifaa hivyo sasa vimejaa sokoni. Mmiliki wa Cessna ya viti vinne anakutana na tangazo la Garmin GNS 430 iliyotolewa kwenye ndege huko Marekani, inawaka vizuri, bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kifaa kipya. Anajiuliza kama kitafaa kwa safari zake za Kondoa, Mpwapwa, Singida au Ruaha. Kinaweza kufaa sana. Ila tangazo linauza boksi tu, na thamani ya GPS ya ndege iko zaidi katika mambo mawili ambayo hayamo ndani ya boksi: data inayosoma, na karatasi zinazokiruhusu kukaa kwenye dashibodi.

Tuanze na mfumo wenyewe. GPS ni mfumo wa setilaiti unaomilikiwa na serikali ya Marekani. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Setilaiti hizo huzunguka dunia zikiwa juu yetu kama kilomita 20,200, na kazi ya kila moja ni kutangaza bila kupumzika: mimi ni namba fulani, niko hapa, saa yangu inasema hivi. Hazijui nani anasikiliza. Kipokezi kilicho ardhini au ndani ya ndege hupima tangazo limechukua muda gani kufika, na kutokana na muda huo hupata umbali.

Mchukue mgeni aliyepotea Dodoma mjini. Ukimwambia yuko kilomita 2 kutoka Nyerere Square, hujamsaidia sana, maana anaweza kuwa upande wa Chang'ombe, wa Kikuyu au wa Area C. Mwongezee umbali wake kutoka UDOM, zinabaki sehemu mbili tu anazoweza kuwa. Mpe umbali wa tatu, kutoka Soko la Majengo, na sasa anajua alipo. GPS hufanya hivyohivyo angani, ila huhitaji setilaiti ya nne, kwa kuwa saa iliyo ndani ya kipokezi ni ya kawaida na kosa lake lazima litafutwe pamoja na mahali.

Ukishaelewa hapo, mambo kadhaa yanayosemwa mitaani yanajibika yenyewe. GPS haihitaji bando wala mnara wa simu. Katikati ya mbuga ya Bahi inafanya kazi sawa na mjini. Hakuna ada ya kupokea mawimbi yake. Na kifaa cha kwenye ndege hakimwambii mtu yeyote uko wapi. Kile cha kwenye basi kinaweza kutoa taarifa kwa sababu ndani yake, pamoja na kipokezi cha GPS, kuna laini ya simu inayotuma. GPS ya ndege inapokea tu.

Hilo la mwisho naomba lieleweke vizuri, maana nimesikia watu wakisema ndege yenye GPS haiwezi kupotea. Ndege ikilazimika kutua kwenye pori la Manyoni, GPS yake haitamwita mwokoaji. Atakayeitwa ataitwa na taarifa ya safari uliyoiacha kabla ya kuruka, na kile kisambaza ishara ya dharura kinachofungwa mkiani. Navyo vya mkiani vina umri wao: setilaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya megahezi 121.5 tarehe 1 Februari 2009, na tangu hapo zinasikiliza 406. Kama ndege yako bado ina kile cha zamani na fedha ni ya kitu kimoja, nunua hicho cha 406 kwanza. GPS isubiri.

Sasa tuvitazame vifaa vyenyewe. Kuna vya kushika mkononi au kubana kwenye usukani, mfano Garmin GPSMAP 196, 296, 396 na 496. Hivi si sehemu ya ndege kisheria. Ni msaada wa rubani, na unapotoka unaondoka navyo. Kuna vya kufungwa kwenye dashibodi, kama King KLN 89B na KLN 90B za miaka ya 1990, kisha GNS 430 na kaka yake mkubwa GNS 530 vilivyoingia mwishoni mwa miaka hiyo. Garmin walitoa baadaye matoleo yenye herufi W, 430W na 530W, na mwaka 2011 wakaleta GTN, yenye kioo cha kugusa. GNS 430 ilipendwa kwa sababu imekusanya redio ya mawasiliano, kipokezi cha vituo vya redio vya ardhini na GPS katika boksi moja. Marubani wengi wamejifunzia hiyo.

Kwa nini vya zamani vimejaa sokoni? Sababu mojawapo ni kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, inayotaka ndege zinazoingia sehemu kubwa ya anga yenye shughuli nyingi zijitangaze zilipo kwa kutumia GPS ya kiwango cha juu zaidi. Wamiliki wengi walibadilisha dashibodi zao, na walichokitoa kikaingia sokoni. Kwa hiyo kifaa hicho si lazima kiwe kibovu. Mara nyingi kimeondolewa kikiwa kizima.

Wapo wanaoamini kuwa GPS ya zamani lazima iwe imepungua usahihi. Hapa ukweli unashangaza. Wakati GNS 430 inaingia sokoni, jeshi la Marekani lilikuwa likiharibu kwa makusudi mawimbi ya raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Mwezi Mei 2000 Rais Clinton aliamuru uharibifu huo ukome. Kifaa kilichotengenezwa mwaka 1998, bila kuguswa na fundi, leo kinaonyesha mahali kwa usahihi mkubwa kuliko siku kilipotoka kiwandani.

Imani nyingine ni ya hiyo herufi W. Wauzaji huitangaza kama dhahabu, na huko Marekani wana haki. Inamaanisha kifaa kinaweza kupokea marekebisho ya ziada yanayokokotolewa na vituo vya ardhini na kurushwa kupitia setilaiti nyingine, kiasi cha kumshusha rubani hadi karibu na njia ya kurukia akiwa ndani ya wingu. Lakini vituo hivyo vya ardhini vya mfumo huo wa Marekani, uitwao WAAS, ambao ndio asili ya herufi W, viko Amerika ya Kaskazini. Ulaya ina mfumo wake, EGNOS, India ina GAGAN, Japani nayo ina wake. Anga la Dodoma halimo katika eneo la huduma la hata mmoja kati ya hiyo. Ukinunua 430W kwa kutarajia ushuke Dodoma kama wanavyoshuka Kansas, utakuwa umelipia kitu ambacho hakikufuati hadi huku.

Hata hivyo W si bure kabisa. Kipokezi chake hukokotoa mahali mara 5 kwa sekunde, wakati cha kwanza hufanya mara moja, na kinajikagua vizuri zaidi. Hebu tulitazame suala la kujikagua, kwa sababu ndilo linalotenganisha GPS ya ndege na ile ya simu. Ukiwa na setilaiti 4 unapata mahali, lakini moja ikidanganya huna namna ya kujua. Ukiwa na 5, kifaa kinaweza kugundua kuwa hesabu hazipatani na kukupa onyo. Ukiwa na 6, kinaweza kumtambua mwongo na kumtoa. Vifaa vya dashibodi vya kizazi cha kwanza vilivyoidhinishwa kwa safari za kutegemea vyombo, yaani pale rubani asipoona nje, vinaweza kugundua na kuonya. Vya W vinagundua na kutoa. Simu yako haikuambii lolote.

Sasa twende kwenye data, ambako fedha nyingi hupotelea. Kipokezi kinajua uko latitudo na longitudo gani, basi. Kwamba mbele yako kuna kiwanja, kinaitwaje, njia yake ni ndefu kiasi gani, masafa ya redio ni yapi, yote hayo yanatoka kwenye kanzidata iliyo kwenye kadi. Duniani kote taarifa za usafiri wa anga hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28, na kanzidata hulipiwa. Kadi iliyokuja na kifaa kutoka Marekani mara nyingi ina viwanja vya mabara ya Amerika tu. Utakiwasha Dodoma, kitakuonyesha ulipo bila kosa, na kuzunguka alama ya ndege yako kutakuwa na weupe mtupu.

Hata ukipata kadi ya eneo letu, tazama ni ya mwaka gani. Kiwanja cha Songwe kilianza kutumika Desemba 2012 na kuchukua nafasi ya kile cha zamani kilichokuwa Mbeya mjini. Kanzidata ya kabla ya hapo itakuelekeza Mbeya mjini kwa ujasiri wote. Njia ya kurukia ya uwanja wa Dodoma nayo ilirefushwa, na Msalato ni uwanja mpya kabisa ambao kadi ya mwaka 2010 haiwezi kuujua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji maswali haya: kifaa hiki bado kinatengenezewa kanzidata? Ya Afrika inapatikana? Kadi zake na kisomeo cha kuzijazia vipo? GNS 430 hutumia kadi za aina yake. Kadi ya kamera haiingii.

Na viwanja vidogo vya vijijini, vya misheni na vya mbugani, vingi havimo kwenye kanzidata yoyote. Hivyo rubani huviingiza mwenyewe kwa mkono. Kazi hii huonekana nyepesi. Nataka tuikalie kidogo, maana ndipo ajali inapoweza kupandwa miezi kabla ya kutokea.

Dodoma iko karibu na nyuzi 6 na dakika 10 Kusini, nyuzi 35 na dakika 45 Mashariki. Kifaa kilichotumika Marekani maisha yake yote, ukifungua ukurasa wa kuingiza kituo kipya, kinaweza kukutangulizia herufi N na W, yaani Kaskazini na Magharibi. Ukisahau kubadilisha N, Dodoma yako itakuwa kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukibadilisha N ukasahau W, itakuwa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Makosa haya ni makubwa mno, na ukubwa wake ndio unaomwokoa rubani: kioo kitasema umbali ni zaidi ya kilomita elfu, naye atashtuka.

Linaloua ni kosa dogo. Mtu amekutumia mahali pa kiwanja kwa dakika na sekunde: nyuzi 6, dakika 10, sekunde 50. Kifaa chako kinataka dakika na desimali. Ukiandika 10.50, umekosea, kwa sababu sekunde 50 ni desimali .83 ya dakika. Tofauti inazidi mita 600. Hakuna kengele itakayolia. Nambari zinafanana kabisa na zile ulizotumiwa.

Kosa la pili la namna hiyo limejificha kwenye ramani zetu wenyewe. Ramani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, zile ambazo wapimaji na wahandisi wa vijijini wamezitumia kwa miongo mingi, zimechorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960. GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Mahali palepale, kwa misingi hiyo miwili, panapata nambari zinazotofautiana kama mita 300, zaidi katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kiwanja cha kijiji kina upana wa mita chache. Siku ya anga safi utakiona tu. Mwezi Septemba, vumbi na moshi wa moto wa nyika ukiwa umetanda na vichaka vyote chini vikifanana, mita 300 zinatosha kumfanya rubani azungukie mahali pasipo na kitu huku mafuta yakipungua. Ulipopewa nambari, uliza zimetoka wapi. Njia nzuri kuliko zote ni kusimama mwenyewe kwenye ncha zote mbili za njia ya kurukia ukiwa na kipokezi na kuzisoma hapohapo.

Kuhusu kimo, maelezo ni mafupi. GPS hupima kwenda juu kwa usahihi mdogo kuliko kwenda pembeni, na ndege zote zinazopishana angani hutumia altimita ya hewa, yaani kipima kimo kinachosoma mgandamizo wa hewa. Uwanja wa Dodoma uko karibu futi 3,670 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea mashariki milima ya Ukaguru na Rubeho ina vilele vinavyopita mita 2,000. GNS 430 za mwanzo hazina onyo la milima. Msitari mnyoofu wa zambarau unaochorwa kwenye kioo unakata milima hiyo kana kwamba haipo.

Kuna jambo la tarehe pia, ambalo limewashtua wengi. Mfumo wa GPS huhesabu majuma tangu tarehe 6 Januari 1980, na hesabu hiyo ina nafasi ya majuma 1,024 tu, kisha inaanza upya sifuri. Ilirudi sifuri Agosti 1999 na tena Aprili 2019. Itarudi Novemba 2038. Kipokezi cha zamani ambacho programu yake haikurekebishwa kinaweza kuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita. Mara nyingi mahali kinapaonyesha sawa, lakini kitavuruga saa za machweo na kukuambia uongo kuhusu kanzidata kama imekwisha muda au la. Vingine vinarekebishwa karakana kwa programu mpya, vingine vimeachwa na watengenezaji wake. Uliza kabla ya kutuma fedha.

Zinabaki karatasi. Ndege yenye namba ya 5H, yaani iliyosajiliwa Tanzania, iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na kitu kinachofungwa kwenye dashibodi yake kinahesabiwa kuwa badiliko la ndege. Lazima kifungwe na karakana iliyoidhinishwa, kwa michoro iliyoidhinishwa, uzito na mizani ya ndege vikokotolewe upya, na ukurasa wa nyongeza uingie kwenye kitabu cha ndege. Kifaa chenyewe kinahitaji cheti kinachosema kimekaguliwa na kinafaa kurudi kazini. Kwa kilichotoka Marekani ni fomu namba 8130-3 ya FAA, mamlaka ya anga ya huko, na Ulaya ni Fomu 1 ya EASA, wakala wa usalama wa anga wa huko. Muuzaji akisema "kilikuwa kinafanya kazi siku tulipokitoa", hiyo ni kauli yake tu. Fundi anayejali leseni yake hawezi kukifunga kwa kauli hiyo. Chukua namba ya kifaa pia, umwandikie mtengenezaji kabla ya kulipa, maana vyombo vya ndege huibwa na kuuzwa.

Kisha kuna vitu ambavyo havionekani kwenye picha ya tangazo: trei ya chuma inayokishikilia, plagi za nyuma, antena ya juu ya bawa, kebo yake, na kipimo cha mshale cha kumwonyesha rubani kama yuko kwenye njia, ambacho GPS inakiendesha. Toleo la W linataka antena tofauti na la kwanza. Kuna GNS 430 za mwanzo ambazo redio yake inakubali volti 28 pekee, wakati Cessna 172 za zamani hutumia mfumo wa volti 14. Herufi na namba zilizo kwenye kibandiko cha kifaa ndizo zinazotoa jibu. Jumlisha usafirishaji, kodi za TRA na siku za fundi, na mara nyingi ufungaji utazidi bei ya kifaa.

Kwa rubani anayeruka mchana kwa macho yake, kati ya Dodoma na Kondoa au Singida, ushauri wangu ni achukue cha kubana kwenye usukani chenye betri mpya na kanzidata inayopatikana, na akiweke mbali na dira ya sumaku, kwa sababu kinaweza kuipotosha. Tableti nayo inafaa kama msaidizi, ila iPad imetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 35, na ndani ya ndege iliyoanikwa juani Dodoma mwezi Novemba joto hupita hapo kabla injini haijawashwa. Itazima yenyewe. Cha kufunga kwenye dashibodi kina maana kwa ndege inayosafiri katika mawingu, na hapo 430W yenye karatasi kamili ni bora kuliko 430 ya kawaida yenye bei nzuri, kwa sababu ya kujikagua kwake na kwa sababu spea za ile ya kwanza zinazidi kuadimika.

Ukifika mahali kilipo, kiwashe mwenyewe. Ukurasa wa kwanza utaonyesha toleo la programu na tarehe ya kanzidata, vipige picha. Tazama kioo kwa pembeni kama kuna mistari au sehemu zilizofifia. Zungusha vitufe vile vikubwa na vidogo taratibu, hatua moja moja, uone kama nambari zinaruka au zinarudi nyuma, kwani hapo ndipo kidole cha rubani kimepita miaka 20. Kisha kipeleke nje, antena ikiona anga lote, na ufungue ukurasa wa setilaiti. Kama betri yake ya ndani imekufa au kimetoka bara lingine, hakikumbuki kiko wapi, na kitalazimika kupakua upya orodha nzima ya setilaiti, kazi inayochukua dakika 12 na nusu kwa uchache. Usikatishwe tamaa na dakika hizo. Lakini nusu saa ikipita chini ya anga jeupe la Dodoma na milia ya nguvu ya mawimbi bado haijapanda, jaribu antena nyingine, na kama bado, mrudishie mwenyewe.